Sahihi ya Mwalimu

Mwalimu mstaafu Zebedayo alishindwa kutia sahihi kwenye fomu ya kliniki. Kalamu ilimponyoka mara mbili.

"Baridi yabisi hukaza vidole asubuhi, Mwalimu," alisema muuguzi, akiizungushia kalamu kitambaa ili iwe nene. "Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uvikunjekunje polepole. Na dawa usiache."

"Umeyajuaje yote haya?"

"Hata mimi ninaumwa, tangu nikiwa darasani kwako."

Ndipo Mwalimu alipomtambua. Alikuwa Nambua, mwanafunzi aliyechapwa naye vidole kila asubuhi kwa mwandiko mbaya.

"Uliniambia vinauma," alinong'ona. "Nikakuita mvivu."

Nambua alimnyooshea kalamu, lakini Mwalimu aliificha mikono yake chini ya meza, asithubutu kuinua macho.