Chai Yetu

Siku hizi kila kampuni inaruhusiwa kuzungumza na mteja kwa sauti anayoiamini kuliko zote. Kopo langu la chai lina sauti ya marehemu mama. Nililinunua ili nimsikie tu.

“Atupele mwanangu, umechoka. Kunywa chai yetu.”

Chai yetu! Mama aliichuma miaka kumi na tisa, kampuni hiyohiyo ikamfukuza kwa kudai glavu. Toka hapo, nyumbani kwetu hata mgeni alipewa uji. Wao wamesahau, mimi sijasahau.

Jana nililibeba nikalitupe. Binti yangu Tusa, ambaye hakumkuta bibi yake, akanishika kanga.

“Mama, bibi anaipenda sana hii chai. Ukimtupa, atakaa wapi?”

Nikabandika maji. Kopo likanishukuru, kwa sauti ileile iliyonikataza kuinywa.