Tumbo la Kibibi

Simu iliegemezwa kwenye birika. Kutoka nchi ya mbali, mwalimu wa ukunga akamwambia mwanafunzi wake, Salha, apapase tumbo la wifi yake Kibibi, aliyejitolea mwenyewe.

Shomari, mume wa Kibibi, akaingia. “Zima hiyo simu! Mke wangu si mdoli wa kujifunzia.”

Salha akaondoa mikono. Kibibi akaikamata, akairudisha. “Tumbo ni langu, Shomari. Endelea, wifi.”

Chini ya mbavu, Salha akagusa kitu kigumu cha mviringo. “Mwalimu, kichwa kiko juu.”

“Umepatia. Mtoto amekaa vibaya. Mpelekeni hospitali leo.”

Shomari akauziba mlango. “Hatoki mtu hapa kwa maneno ya simu.”

Kibibi akajifunga kanga, akavaa ndala, akamwendea bila kupunguza mwendo.