Gitaa Tamu la Wilondja

Asubuhi ile, katika uwanja wa Baraka, gitaa la Wilondja liliacha kupiga mayowe ndani ya spika. Alikuwa amejaza vitambaa kwenye matundu ya tumbo la gitaa lililobinuka, akageukia pembeni, mbali na spika, akapunguza ukali kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti. Sasa kila noti ilitoka nzito na laini, kama mawese ya moto.

Mbele yake bamama walikuwa wakicheza kukisifu chama cha Rais tangu jua kuchomoza. Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Jasho lake liliilowesha sura ya Rais iliyochapwa kwenye kitenge, juu ya tumbo.

Mkuu wa chama alipiga makofi. “Citoyen, mwananchi, gitaa yako iko tamu sana leo! Bamama, murudilie yote tangu mwanzo!”

Yule mwenye mimba alimtazama Wilondja. “Papa, utaacha saa ngapi?”

Wilondja akavitazama vidole vyake: vilikuwa vimeshaanza tena kupiga.

Akauchomoa waya wa gitaa.

“Kuko nini?” mkuu akauliza, akidhani umeme umepotea. “Courant imekatika?”

“Hapana, chef. Ni mi nimekata.”

Bamama wakaanza kukaa mavumbini, mmoja baada ya mwingine.