Nywele kwenye Chujio

Filimbi nyembamba ilisikika chumbani. Ilikuwa pumzi ya Salha, binti wa Shaibu.

“Kaka, badilisha hilo chujio, mtoto anakosa hewa,” Mize, dada yake Shaibu, alisema. “Au unangoja lizae?”

Shaibu akaizima mashine ya kupasha nyumba joto, akachomoa chujio. Katika vumbi zito zilikuwa zimenasa nywele ndefu zenye hina, za marehemu mkewe. Tangu mazishi alikuwa akilichomoa, akizitazama, kisha akilirudisha. Lakini leo akachomeka jipya, akawasha.

Filimbi haikukoma. Akampakata Salha, lile kuukuu likiwa bado mkononi.

“Vumilia, mwanangu. Hili nalitoa nje sasa hivi, na halirudi tena humu ndani.”