Kanda Kabatini

Wiki moja baada ya kumzika mumewe, mwalimu wa muziki, mjane alifungua kabati la marehemu. Vijitabu vya maneno ya opera vilipangwa vizuri, kila kimoja na kanda ya mwimbaji wake bingwa.

Kanda moja iliandikwa jina la mjane mwenyewe.

Aliitia kwenye redio. Ilikuwa sauti yake ya usichana, ikipanda juu bila kutetemeka. Mwishoni mumewe alisikika akinong'ona, "Kama huyu hajapata kutokea."

Kumbe alijua. Ndiye aliyemwambia, "Mke wangu, sauti huna, tafuta kazi nyingine," naye mkewe akaamini, akashona sare miaka thelathini.

Binti yake alichungulia mlangoni. "Mama, nani huyo anayeimba?"

"Simjui," alisema, akaichomoa kanda, akaanza kuuvuta utepe kwa kidole kilichojaa makovu ya sindano.