Usawa wa Macho

Kilichobaki kilikuwa kioo cha duara tu. Vigae vidogo vya kijani vilikuwa vimeshabandikwa, na kabati la mbao lenye miguu myembamba lilikuwa limekaa chini ya sinki, kama kwenye picha ya gazeti la zamani ambayo Bi Zawena na mumewe waliitunza tangu ujana wao. Kila mwaka walisema mwakani watalitengeneza bafu liwe hivyo. Sasa limekuwa hivyo, na mumewe hayupo.

"Mama, simama hapo uutazame ukuta," alisema fundi Kibwana. "Niweke alama usawa wa macho yako."

Bi Zawena alisimama. Tangu asubuhi alikuwa akideki vumbi la saruji, na mgongo ulikuwa umechoka. Fundi alichora alama kwa kalamu ya wino, akarudi nyuma, akamtazama.

"Mbona umeinama?"

Hakuwa na habari kwamba ameinama. Kioo cha zamani walikishusha ili mumewe ajione akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na miaka yote ile yeye alichana nywele zake akiwa amepinda magoti nyuma ya bega la mumewe.

"Nimezoea tu, fundi."

Alijinyoosha polepole. Fundi akachora alama nyingine, juu zaidi ya ile ya kwanza, kisha akachukua kitambaa afute ya chini.

"Toboa hapo juu," alisema Bi Zawena. Kiganja chake kilikuwa kimeshaifunika alama ya chini, na wino wake ulikuwa bado haujakauka.