Rangi ya Kipande cha Mghoi

Sheria ilitaka kila nyumba ichore kwa mkono, kila mwezi, kipande chake cha galaksi ya ajabu iliyotokea angani, maana mashine za kuchora hazikuaminika tena. Gesi yake ya molekuli inayotukimbia ilipakwa nyekundu, inayotujia, buluu. Kipande cha Mghoi kilikuwa chekundu tangu aolewe.

Asubuhi hiyo alizisoma namba za darubini ya nyumbani mara tatu, uji ukimuungulia jikoni. Gesi yote ilikuwa imegeuka. Ilikuwa inakuja.

"Baba Shali, njoo uone!"

Mumewe alisoma, kisha akafunga dirisha. "Akina Mwadime walichora badiliko mwaka jana. Leo wako wapi?"

"Lakini ni kweli."

"Najua, Mama Shali. Tuna watoto. Paka nyekundu."

Mghoi akapaka, akijiambia kwamba kipande kimoja hakiwezi kuipotosha ramani nzima.

Jumamosi watu walikusanyika sokoni, vipande vya mji vikaunganishwa. Ramani ilikuwa ileile ya mwezi uliopita, bila tofauti hata ya nukta moja. Afisa wa serikali akawapongeza, watu wakapiga makofi.

Hapo Mghoi akaiona mikono ya jirani yake, Wakesho. Kipande cha Wakesho nacho kilikuwa chekundu, lakini kucha zake zilikuwa na madoa ya rangi ya buluu.

"Uliona nini, dada?" Mghoi alinong'ona.

Wakesho akaficha vidole ndani ya leso. "Ulichokiona wewe."

Mghoi aligeuka kuutazama umati. Jua lilikuwa kali, anga nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuinua uso.